Mzee Ladislas Nimbona, Aliyeanzia Kila Jambo Karachi

Mzee Ladislas Nimbona alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto wa nne wa mzee Bizimana na mama Ninahazwe. Wasifu huu unaanzia hapo kwa makusudi, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuanzia hapo. Ukimwuliza alizaliwa wapi, alikueleza kwanza mji wa Karachi ulizaliwa vipi. Ukimwuliza kwa nini amechelewa kanisani, ukimwuliza chumvi iko wapi, jibu lilikuja na wavuvi wa Karachi ndani yake. Wengi mlio hapa mmeshikwa mkono na marehemu mkiwa na haraka zenu. Familia inawaomba radhi, na inawakumbusha kwamba ninyi mlirudi makwenu jioni. Sisi tuliishi naye.

Alisoma shule ya msingi ya misheni palepale Rumonge, na mwaka 1970 akaenda Bujumbura kusomea ufundi wa mashine. Alisimulia kwamba darasa lao lilikuwa na ramani moja ya dunia iliyochanika upande wa Amerika, kwa hiyo wanafunzi wale waliijua Asia vizuri na Amerika kwa kubahatisha. Hakumaliza masomo. Mauaji yalipoanza Aprili 1972 alikuwa na miaka kumi na saba. Alirudi Rumonge kuwatafuta wazazi wake, hakuwakuta, akavuka ziwa hadi Kigoma. Kuhusu mwaka huo alisema maneno machache sana, tena mafupi. Ni jambo la kushangaza kwa mtu aliyeweza kuzungumza tangu supu hadi matunda kuhusu namna mchanga unavyoziba mlango wa bandari.

Kutoka Kigoma alipanda treni hadi Dar es Salaam, akawa kuli bandarini, na mwaka 1977 akaajiriwa ubaharia kwenye meli ya mizigo. Mwaka uliofuata meli hiyo ilifika Karachi, bandari kubwa ya Pakistani, ikatia nanga, na mwenye meli akatoweka. Mabaharia walikaa juu ya maji bila chakula cha maana mpaka wakashushwa. Wenzake walirudishwa makwao mmoja baada ya mwingine. Marehemu hakuwa na kwao pa kurudishwa, basi akabaki, na akabaki miaka kumi na saba.

Alipokelewa katika mtaa wa Lyari na mama mmoja aliyeitwa Zulekha, wa kabila la Sheedi. Hawa ni watu wa Pakistani ambao mababu zao walichukuliwa kutoka pwani yetu ya Afrika zamani za utumwa, nao weusi wao ni kama wetu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ingawa Mama Zulekha hakuijua methali hiyo, siku ya tatu alimpa ufagio. Siku moja, akifagia uani, marehemu alimsikia akiimba wimbo wa bibi zake, na katikati ya wimbo kulikuwa na neno ambalo mwimbaji mwenyewe hakujua maana yake. Neno lilikuwa "kuku". Marehemu aliuangusha ufagio, akalia. Mtu mzima, baharia, alilia kwa sababu ya kuku. Mama Zulekha alidhani ni mgonjwa, akamlaza, na tangu hapo akamwita mwanangu.

Kazi aliipata Keamari, sehemu ya bandari, katika genge la wapagazi waliobeba marobota ya pamba kwa kulabu. Huko ndiko alikofundishwa historia ya mji, wakati wa chai, na wazee wa genge. Ilikuwa hivi, na samahani kwa mnaoijua kwa moyo. Kwanza walikuwepo wavuvi, na mama mvuvi aliyeitwa Kolachi, ambaye husemwa ndiye aliyeupa mji jina. Kisha mwaka 1729 wafanyabiashara ambao bandari yao ya zamani ilizibwa na mchanga walihamia hapo, wakajenga ukuta wa udongo wenye milango miwili: Kharadar, wa maji ya chumvi, ukitazama bahari, na Mithadar, wa maji matamu, ukitazama mto. Marehemu aliipenda milango hii kupita kiasi. Akipewa chai isiyo na sukari alisema, "Nani kanifungulia Kharadar?" Mwaka 1843 Waingereza wakautwaa mji rasmi. Wakajenga tuta refu la kuunganisha mji na Keamari, ili mizigo isipite tena matopeni. Mwaka 1861 ikaja reli, pamba na ngano zikamiminika kutoka bara, na mji wa matope ukaanza kulisha watu wa ng'ambo. Halafu 1947 nchi ikagawanywa kuwa India na Pakistani, watu wakaingia kwa mamia ya maelfu wakiwa na sufuria na magodoro, na katika miaka michache mji ukawa zaidi ya mara mbili.

Hapo ndipo familia nzima ilipokuwa inaishia kuijua. Karachi ya kabla ya 1947 tuliijua kuliko tunavyoijua Durban, mji huu wa Afrika Kusini tunaoishi. Karachi ya baada ya hapo, yaani ile aliyoishi yeye mwenyewe, ilikuwa ukungu mtupu.

Wajukuu wake waliwahi kutafuta mambo haya kwenye kompyuta za shule, wakitumaini kumkamata akitia chumvi. Milango ilikuwepo. Reli ilikuwepo. Hata wale mamba wa Manghopir, ambao marehemu alisema wanaishi kwenye bwawa lililo kando ya kaburi la mtakatifu wa Kiislamu na kulishwa nyama na waumini, walikuwepo pichani, wamelala kama magogo. Picha zilipoletwa nyumbani, mke wake Mama Sesilia, ambaye yeye alimwita Mama Joséphine kwa jina la binti yao, alizitazama akiwa amesimama.

"Mimi nimezaliwa Uvira," alisema. "Mamba ninawajua. Mamba hana dini."

"Hawa ni wapole, Mama Joséphine. Watu wanawagusa mgongo."

"Hao uliowaona wanagusa ni wale bado hawajaliwa."

Kuhusu bandari ipi kubwa, ya Karachi au ya Durban, marehemu, aliyeshikilia Karachi, alikuwa sahihi au alikosea kulingana na mwaka na kinachopimwa, na hakukubali kushindwa hata mwaka mmoja.

Alishuka Durban Februari 1996. Miaka ya mwanzo alilinda magari kando ya ufukwe. Wenye magari walitaka tu kwenda zao, naye aliinama dirishani akiwaeleza kuhusu tuta la Keamari mpaka robot ya mbele, taa ya barabarani, ikabadilika mara nyingi. Kuanzia 1999 hadi alipostaafu 2018 alikuwa mlinda lango kwenye yadi ya makontena huko Clairwood, na tunaamini hiyo ndiyo kazi ambayo Mungu alimwumbia, kwa sababu madereva wa malori walio kwenye foleni hawana pa kukimbilia. Mmoja wao alikuja kwenye matanga juzi akatuambia kwamba siku yake ya kwanza pale alisema, "Eish, baba, fungua geti kwanza, huyo mama mvuvi atanisubiri." Marehemu alimjibu kwamba mama mvuvi amesubiri tangu enzi za mababu, hakuna haraka. Mtaani kwetu Isipingo kulikuwa na mama mwenye duka la viungo, Mhindi wa hapahapa ambaye babu zake walikuja Natal kukata miwa. Marehemu alimsalimia kwa Kiurdu, yeye akamjibu kwa Kizulu. Walikwenda hivyo miaka yote, hakuna aliyemwelewa mwenzake sawasawa, na bizari ilifika nyumbani.

Sasa ndoa. Mama Sesilia alikuwa mjane kutoka Uvira, Kongo. Vita vilimchukua mume wake wa kwanza mwaka 1996, naye akatoka na binti yake Joséphine, mipaka baada ya mipaka, hadi Durban. Alikuwa na meza ya vitenge na dagaa karibu na stendi ya teksi ya Isipingo. Marehemu alinunua dagaa. Akanunua tena. Mtu mmoja, hana mke, anakula dagaa wote hao? Stendi nzima ilielewa kabla yake. Mwezi Oktoba 1998 alipeleka wazee wa kanisa, wakiongozwa na Mchungaji Léonard, ambaye ndiye anayetuongoza leo. Walikaa sebuleni, Mama Sesilia akaitwa aseme neno lake.

"Niko na swali moja tu," alisema. "Papa Ladislas, huyu mji unausifu kila siku. Kama ulikuwa mzuri hivyo, juu ya nini uliondoka?"

Halikuwa swali la udadisi. Alikuwa amezika mume, alikuwa amebeba mtoto mgongoni, na alitaka kujua kitu kimoja: huyu mwanaume amekuja kukaa, au moyo wake bado uko kule, na sanduku liko mlangoni? Wanaume wa namna hiyo wako wengi katika mji wa bandari.

Marehemu alijirekebisha kwenye kiti. "Bon," alisema. "Ili uelewe, lazima tuanze na wavuvi."

Mchungaji Léonard anakumbuka kwamba walipofika kwenye ile milango miwili, wali uliletwa. Baada ya wali ikafanywa sala. Baada ya sala wakapanga siku. Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998, na swali lilikuwa bado liko mezani pamoja na mifupa ya kuku.

Siku ya harusi, bwana harusi alipewa kipaza sauti ashukuru wageni. Alifika 1843, Mchungaji akakichukua. Mwaka 2000 mtoto wao Libère alipozaliwa, Mama Sesilia akiwa amelala amechoka, alimwambia, "Leo basi niambie." Simulizi ilikuwa imefika kwenye reli wakati nesi alipomtoa nje. Mara nyingine umeme ulikatika. Mara nyingine ilikuwa simu, au ugali uliungua, au Libère alimeza kitufe. Subira huvuta heri, alisema Mama Sesilia kwenye kikundi cha akina mama, lakini yake ilikuwa inavuta wavuvi tu.

"Ruka hao wavuvi," alimwambia. "Nenda mbele."

"Haiwezekani kuruka. Utaelewaje mwisho bila mwanzo?"

"Nitajikaza."

"Hapana, Mama Joséphine. Historia haina njia ya mkato."

Watu kanisani walimpa jina la Mzee Karachi, naye alilipokea kama cheo. Mama Sesilia hakulipenda. Kila mtu aliyemwita hivyo mlangoni alimkumbusha kwamba mume wake ana jina la mahali pengine.

Ni lazima tuseme habari za Aprili 2015. Wageni waliposhambuliwa Isipingo, familia iliacha nyumba na kukaa kwenye mahema uwanjani pamoja na Warundi, Wakongo na Wamalawi. Mvua ilinyesha. Mama Sesilia alikuwa ameacha mali yake yote ya biashara nyuma, na alikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuipokea, basi ikamwangukia aliyekuwa karibu.

"Nenda sasa kwa Karachi yako!" alimwambia mbele ya hema zima. "Si ulikuwa na mama huko, na kazi, na milango yako ya chumvi na sukari? Juu ya nini uliondoka? Sema!"

Marehemu alianza na wavuvi. Lakini safari hii hakuna aliyekuwa na haraka, hakukuwa na wali wa kuletwa, na watu walisikiliza. Alifika 1947. Aliwaeleza jinsi watu walivyoshuka kwenye treni na sufuria zao, jinsi walivyolala mashuleni na chini ya mahema kama yale, na jinsi wenyeji wengine walivyowapa maji na wengine kuwafukuza, na kwamba baadaye hao wa mahema ndio waliojenga nusu ya mji. Mtu mmoja akasema, "Halafu?" Marehemu akainuka, akakaza kamba ya hema. Akasema, "Tutaendelea kesho." Kesho yake hakuendelea.

Hapo Mama Sesilia alielewa. Hakuna aliyemkatiza siku ile. Alijikatiza mwenyewe. Huko nyuma, miaka yote, umeme ukikatika au chakula kikiletwa, mtu huyu alikuwa anashukuru kimoyomoyo. Wavuvi, milango, reli, vyote vilikuwa ukuta, na nyuma ya ukuta kulikuwa na jibu ambalo hakutaka kulitoa. Na kama hakutaka kulitoa, basi lilikuwa lile aliloliogopa yeye: moyo wa mumewe bado uko kule.

Tangu siku hiyo mwenye kukatiza akawa Mama Sesilia. Marehemu akikohoa tu kutaka kuanza, mkewe alikumbuka nguo kwenye kamba. Akifika reli, mkewe aliwasha televisheni. Sisi tulidhani amechoka kumsikiliza, na kweli alikuwa amechoka, lakini zaidi alikuwa anaogopa kwamba siku moja atafika. Wawili hao waliishi hivyo miaka kumi, mmoja akisimulia ili asifike, mwingine akimkatiza ili asifike, na kila mmoja akilalamika kwa watoto juu ya mwenzake. Ukitaka kuchoka duniani, kaa sebuleni na watu wawili wa namna hiyo.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2023. Ilikuwa kisukari kwanza, kisha figo. Daktari kijana alimwuliza, "Maumivu yalianza lini?" na sote tuliokuwepo tulishika vichwa, kwa sababu tulijua. Daktari aliandika neno Kolachi kwenye karatasi yake akidhani ni dawa anayotumia. Kuanzia Juni mwaka huu alihamia Pinetown kwa binti yake Joséphine, ambaye alichukua zamu za usiku kiwandani ili mchana amhudumie baba yake. Hakuwahi kumwita baba wa kambo, na leo hatutaanza. Alipungua mwili, sauti ikawa ndogo. Simulizi ilikuwa inamchosha kabla ya kufika hata 1729.

Jumapili tarehe 28 Septemba 2025, baada ya ibada, Joséphine alikuwa anamenya viazi, na Mama Sesilia anakunja nguo kitandani kwa marehemu, upande wa miguu. Yaliyofuata yanasomwa hapa kwa amri ya Mama Sesilia mwenyewe. Alipoulizwa kama si mambo ya ndani, alisema wote mlio hapa mmelishwa wavuvi na kwa hiyo mna haki ya kujua mwisho.

"Papa Joséphine," alisema, "leo anzia 1947. Wavuvi tunawajua. Wana afya, wanakusalimu."

"Huwezi kuanzia katikati."

"Mimi nilikukuta uko katikati. Anza."

Akaanza. Alisema kwamba alipofika Keamari marobota yalikuwa bado yanabebwa na watu, na genge lao lilikuwa na wimbo wake. Mji ulikuwa unakua kila alipolala, anaamka anakuta mtaa mpya mahali pa jangwa. Kisha makontena yakazidi, makubwa kama nyumba, na kulabu haimshiki mnyama wa chuma. Genge likapungua mmoja mmoja. Bandari nyingine mpya ikajengwa upande wa mashariki. Mama Zulekha akafa, na marehemu akabeba jeneza lake kama mtoto wa kiume. Chumba cha uani akaachiwa yeye. Mwaka 1995 mji ulikuwa unalia risasi kila siku, mitaa inafungwa, na mtu asiye na karatasi alikuwa anatafutwa nyumba hadi nyumba. Rafiki mmoja wa genge akamficha, akamwingiza kwenye meli iliyokuwa inaondoka. Hakuchagua meli. Hakujua hata inakwenda wapi. Alisimama nyuma ya meli akiutazama mji mpaka taa zikaisha.

Alivuta pumzi.

"Kama wangeniacha," alisema, "nisingeondoka."

Kisu cha Joséphine kilisimama kwenye kiazi. Mama Sesilia alimaliza kukunja kitenge alichokuwa nacho, akakiweka juu ya vingine, akakisawazisha kwa mkono.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Miaka yote hii nimekula wavuvi, kwa hilo tu?"

"Niliogopa," alisema marehemu. "Nilijua unauliza kama nimekuja kukaa. Ningekuambia nini? Kwamba nililetwa kama mzigo? Ungeniacha."

"Niende wapi, we mzee? Wapi?" Sasa alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Na mimi je? Unafikiri mimi nilitaka Durban? Kama vita haingekuja, mimi niko Uvira mpaka leo, pale Kalundu, bandarini kwetu, ninauza samaki wangu, niko na mume wangu wa kwanza, na jina lako silijui! Unafikiri nilivuka mipaka yote ile na mtoto mgongoni kukutafuta wewe?"

Joséphine anasema aliangalia chini kwa hofu. Kisha akasikia kitu kama kikohozi. Marehemu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka na ikabidi ainuliwe akae, na Mama Sesilia, aliyekuwa bado na hasira, akampiga mgongoni ili apate pumzi, akaanza kucheka naye.

"Kwa hiyo hakuna aliyenitaka," alisema marehemu.

"Hakuna. Na mimi hakuna aliyenitaka."

"Basi tuko sawa."

"Tuko sawa. Sogea."

Akakaa kando yake kitandani, juu ya nguo alizokuwa amezikunja, akazikunjua zote. Baada ya muda marehemu alimwuliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza tangu siku ya dagaa.

"Hiyo Kalundu," alisema, "ikoje?"

Mama Sesilia alimtazama kuona kama anamchezea. Hakuwa anamchezea. Basi akamweleza: meli za kutoka Kigoma na Bujumbura zinavyofunga kamba asubuhi, wanawake wanavyokimbilia mizigo, baba yake alivyokuwa na kibanda cha chumvi karibu na gati, harufu ya mawese kwenye mapipa, mlima ulivyo karibu na maji kiasi kwamba mji hauna pa kukua ila kujivuta kwa urefu. Siku zilizofuata aliendelea. Marehemu, ambaye hakuwahi kumwachia mtu amalize sentensi, alimsikiliza bila kumkatiza. Akisinzia, alipoamka alisema, "Ulikuwa kwenye mawese."

Mzee Ladislas Nimbona aliaga dunia Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025 mchana, nyumbani kwa Joséphine, Pinetown, mkewe akiwa anazungumza. Mama Sesilia alikuwa amefika kwenye habari za mume wake wa kwanza, namna alivyokuwa akipiga mluzi akirudi kutoka gatini. Alipogeuka kuona kama mzee anasikia, alikuwa ameshaondoka. Mama Sesilia ameudhika sana. Anasema mwanaume huyu alimweka kwenye foleni karibu miaka ishirini na saba, na zamu yake ilipofika hakukaa hata wiki mbili. Ameagiza pia iandikwe kwamba alikuwa mume mwema, kwamba hakulala nje ya nyumba isipokuwa kazini, na kwamba sanduku alilokuwa akilihofia yeye mlangoni halikuwahi kuwepo. Amelitafuta wiki hii nyumba nzima.

Marehemu ameacha mjane, Mama Sesilia, watoto wawili, Joséphine na mumewe Honoré, na Libère, wajukuu watatu, Annick, Glody na Inès, kanisa lililomvumilia, madereva wa Clairwood, mama mwenye duka la viungo Isipingo, ambaye amekuja na amekaa mstari wa pili, na huko Lyari, Karachi, wana wa Mama Zulekha, waliopigiwa simu Jumatatu, nao wakalia kwa lugha tusiyoielewa.

Mungu ampokee jinsi alivyo. Ampe pumziko, na amvumilie.